Mguu wa Kulia wa Mwalimu Absalom

Mimi Pascalia nawaambia, mume wangu Absalom alikuwa mbishi, na ubishi wake nusura uniue. Mwaka wa 1960 alianguka kutoka kwenye lori pale Miritini, akaumia nyonga. Tangu siku hiyo mguu wa kulia akawa anauburura. Naye ni mwalimu wa mazoezi ya viungo, shule ya wavulana Magogoni, kazi aliyoipenda kuliko chakula! Mkaguzi wa shule alikwisha kusema wazi: mwalimu wa mazoezi asiyekuwa mzima wa viungo atafutiwe somo jingine. Basi kila asubuhi Absalom aliufunga mguu kitambaa kwa nguvu, akatembea mbele yangu, akaniuliza, "Inaonekana?"

"Wala," nikamwambia. Mungu anisamehe, ilikuwa ikionekana toka barabarani.

Mwaka uliofuata Yeslam, mpiga picha wa mjini, akanunua kamera ya sinema. Mwalimu Mkuu, Hamoud, akamwomba aje awapige picha watoto wakikimbia na kuruka kamba, ili wajionee makosa yao kabla ya mashindano. Mtoto unamwambia mara mia inua goti, hasikii. Akijiona mwenyewe, atasikia. Absalom alifurahi kama bwana harusi.

"Na wewe ukipigwa je?" nikamwuliza.

"Mimi sikaribii kamera, mama. Wanapigwa watoto tu."

Filamu ikatumwa Ulaya kusafishwa. Miezi miwili ya kungoja, jamani! Nikilala nawaza, nikipika nawaza. Siku moja mchuzi niliutia chumvi mara mbili, akaula hivyo hivyo, nikajua na yeye roho haijatulia. Filamu iliporudi, ikaja na habari kwamba Mkaguzi mwenyewe anataka kuiona.

Siku ile, saa nne asubuhi, madirisha ya darasa yalizibwa kwa magunia, shuka ikatundikwa ukutani, jenereta inanguruma nje. Wazazi na wake wa walimu tulikaa nyuma. Absalom alikuwa ameketi mbele tangu mapema, Mkaguzi asije akamwona akitembea.

Wa kwanza kutokea alikuwa Nzai, mbio mpaka kwenye kamba. Watoto wakashangilia. Mara nikaona mguu wake wa kulia umebaki nyuma, unaburutika. Akaja Kahindi, vile vile. Akaja Obeid, mtoto wa Mwalimu Mkuu, mzima kama chuma: naye bega limeinama, mguu unaburutika. Wa nne, wa tano, wa kumi. Mwaka mzima walikuwa wakimtazama mwalimu wao akiwaonyesha, na watiifu wale wakafanya sawasawa na walivyoonyeshwa.

Mkaguzi akauliza, "Mbona wote wanaruka namna moja? Huu ni mtindo mpya?"

"Ndiyo, bwana, mtindo," Mwalimu Mkuu akadakia. Alikuwa mtu wa huruma. Nyamaza, Absalom, nikaomba moyoni, nyamaza tu, tumepona.

Absalom akainuka. Akatembea pole pole mpaka kwenye shuka, mwanga wa mashine ya sinema ukimpiga, watoto wakiruka juu ya shati lake. Hakuna aliyeitazama filamu tena.

"Si mtindo," akasema. "Watoto hawa ni wazima. Mgonjwa ni mimi. Wakienda mashindanoni hivi wataumia."

Mkaguzi akafunga daftari lake. "Basi, Mwalimu, unajua mwenyewe. Kuanzia Jumatatu mazoezi atafundisha mwingine."

"Najua, bwana. Lakini leo ni Ijumaa." Akamgeukia Yeslam. "Ndugu yangu, irudishe mwanzo."

Nikamchukia wakati ule, nasema kweli, na nikampenda mpaka kifua kikauma. Aliomba kiti, kwa mara ya kwanza, akaketi kando ya shuka na fimbo mkononi, akawaita kwa majina mmoja mmoja. "Nzai, tazama goti lako hapa. Umeliona? Sasa liinue. Obeid, hilo bega."

Nzai hakutazama shuka. Alimkodolea macho mwalimu wake, machozi yakimtiririka, na wenzake wote vile vile.

"Msinitazame mimi," Absalom akawaambia. "Wanangu, nawaomba, msinitazame mimi."