Msiba wa Mwalimu Mgeni

Mimi ndiye balozi wa nyumba kumi niliyesimamisha kazi ya shamba la ujamaa hapa Izimbya kwa kifo ambacho hakikutokea. Asubuhi ile nilipita nyuma ya nyumba ya mwalimu mgeni, nikasikia mwanamume analia ndani. Sauti ilipanda, ikakatika kwa kwikwi, ikapanda tena. Nikajua kafiwa, na kwetu kukiwa na msiba hakuna anayeshika jembe. Nikawarudisha watu wote kutoka kwenye shamba la kahawa. Wanawake wakabeba ndizi, nami nikatangulia nikilia kwa nguvu, kama kiongozi.

Mwalimu akafungua mlango huku anatafuna muhogo. Nyuma yake gramafoni ilikuwa inazunguka.

“Nani kafariki?” nikauliza.

“Hakuna. Huyo anayelia ni mwimbaji wa tenori, Mwitaliano. Anaimba kwamba mchumba wake kamwacha.”

Watu wakaketi, wakamwomba arudie. Tulisikiliza mpaka mwisho, machozi yangu hayajakauka. Ndipo bibi Koku, ambaye hakosi msiba wowote, akanigeukia mbele ya wote.

“Waitu, balozi wetu, umemsikia? Kulia ni hivyo.”