Seng'enge ilipasua kayak yetu ya kukunja huko Naivasha: vile tuliiziba

Wakuu, niaje. Hii sikuambiwa na mtu, ni mimi mwenyewe nilikuwa kwa maji.

Mimi na bibi yangu Wanjiru tunaishi Dundori. Tuko na kayak ya kukunja, mtumbwi mdogo wa fremu ya aluminium na ngozi ya kitambaa kizito kilichopakwa raba. Unaifunga kama hema, inaingia kwa buti ya gari.

Baba yake Wanjiru alikuwa na boma kando ya ziwa, upande wa Ndabibi. Naivasha ilipopanda, maji ikameza nyumba. Mzee akakodi chumba huko juu, akakataa kabisa kuhamia kwetu.

"Sitoki hapa kabla nione nyumba yangu."

Basi tukatangulia sisi wawili na kayak kutafuta njia ya kumfikisha kwa nyumba. Hatukufikiria kitu moja: chini ya hayo maji kuna fence za watu.

Nilisikia tu krrr. Seng'enge. Maji ikaanza kuingia chini ya Wanjiru, na hippo hawakuwa mbali. Akavua sweta, akaikunja, akaikalia pale kwa shimo.

"Piga kasia! Usiniangalie!"

Tulifika nchi kavu.

Nyumbani nikabandika kiraka na super glue. Bure kabisa. Inakauka ngumu kama kioo, na kitambaa lazima kijikunje. Kiraka kikabanduka. Nikasema tuuze fremu kwa watu wa scrap.

Wanjiru akanikata: "Mzee anangoja. Toa fremu, tuanze upya."

Tukaosha matope, tukaanika mpaka hata mishono ikakauka. Tukashona mpasuko na uzi wa nylon, ushikane tu. Tukaparua na msasa mpaka raba ikaacha kung'aa.

Kiraka tulikata kwa turubai ya lori. Pembe zote tukazizungusha, sababu pembe kali ndiyo huanza kubanduka. Gundi ya viatu pande zote mbili, ngoja isinate kwa kidole, ndio ubandike. Kingine kwa ndani. Tukalaza mawe juu.

Tukarudi Naivasha, lakini hatukumbeba mzee hivyo hivyo. Kwanza tuliijaza kayak jerikeni za maji, tukaiacha ielee pale ufuoni. Ndani ilibaki kavu.

Ndio tukamvalisha life jacket. Wanjiru mbele akipima chini na kasia, mimi nyuma, polepole.

Paa tu ndiyo ilikuwa juu ya maji. Mzee akaweka kiganja kwa mabati. Sikujua niangalie wapi.

Halafu akasema, "Haya. Nipelekeni Dundori."

Nilichojifunza: kausha kabisa kabla ya gundi, na kwa maji ya mafuriko uliza wenyeji fence zilipita wapi.

Sasa mshono wa katikati, kule chini, umeanza kulika. Nani amewahi kuziba hapo? Ulitumia nini, na ilishika?