Msimamizi Asiyepaza Sauti wa Karakana ya Mwigobero

Saa moja asubuhi, Mwigobero, kando ya ziwa. Nyundo zinalia, mafundi wanabishana kuhusu mpira, na mtu mmoja amesimama kando ya boti mpya ya mbao akinywa chai bila neno. Mgeni akiambiwa huyo ndiye bosi, hudhani anataniwa.

Ni Twalha Hamduni (44), msimamizi wa mafundi wanane wa karakana hii. Watani wake wanaapa kwamba siku ya ndoa yake shehe alisubiri jibu mpaka pilau ikapoa.

Yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu, na leo yanaisha. Mwenye karakana, Mama Marcelina, ataamua cheo kibaki kwake au kiende kwa Pastory, fundi ambaye akiomba msumari hapa, ng'ombe wa kijiji cha mbali cha Bugwema wanageuza shingo. Cheo humwongezea Twalha laki moja na nusu kwa mwezi. Ndiyo inayomweka binti yake Samia shule ya bweni kule Butiama.

"Watu waliniambia nichangamke, nifoke kidogo," anasema. Anapuliza chai yake. "Nilijaribu. Nikacheka mwenyewe."

Badala yake alileta utaratibu wake. Kabla boti haijaingia majini, kila aliyeitengeneza anaizunguka pamoja naye, wawili tu, kiganja kikipita kwenye mbao. Twalha haulizi kitu. Anatembea tu.

Boti ya leo inasubiriwa na abiria wa kijiji cha Bukima. Clever, fundi anayeziba nafasi za kati ya mbao kwa pamba, anaanza kuzunguka. Wakifika sehemu ya mbele ya boti, kiganja chake kinasita.

"Kaka Twalha... hapa pamba iliniishia. Nikapaka rangi juu."

Twalha anatazama rangi, kisha ziwa. "Asante kwa kusema. Leta patasi."

"Asante?" Pastory, aliyesikia kutoka kando, analipuka. "Watu wangezama! Mimi ningekutafuna mbichi!"

"Najua," Clever anajibu, tayari amepiga magoti. "Ndiyo maana wewe hatukwambiagi kitu."

Karakana nzima inaangua kicheko. Mama Marcelina, aliyekuja na mwenye boti, hacheki. Mwenye boti anafoka: abiria wake je? Twalha anamsikiliza mpaka maneno yanamwishia.

"Kesho asubuhi, mzee. Leo itavuja."

Mzee anakuna kidevu. "Basi kesho."

"Cheo ni chako, Twalha," anasema Mama Marcelina. "Sema basi hata neno moja."

"Nashukuru, mama."

"Mawili!" anadakia Clever. "Mwaka huu amemaliza!"

Sasa Twalha anapanga kufungua tawi la karakana kule Bukima, ili wavuvi wa huko wasihangaike kuleta mitumbwi mibovu mjini. Nani atalisimamia? Anamalizia chai iliyopoa.

"Pastory. Kule upepo mkali, anatakiwa mtu wa kusikika."

Pastory anaweka nyundo chini. "Mimi?" anauliza kwa sauti ya chini, mara ya kwanza tangu Mwigobero ianze kuuza samaki.

"Lakini kwanza," Twalha anasema, akiweka kiganja kwenye ubavu wa boti, "njoo tuzunguke."