Mosi hataki wifi yake afikishe mara ya tano

Saa nne asubuhi, nyuma ya banda la kufungashia mboga nje kidogo ya Mlali, Mosi Hashimu amegeukia ukuta. Khanga ameitandaza begani. Mkono mmoja umeshika kikombe, wa pili unakamua titi taratibu, kutoka juu kushuka kwenye chuchu, kama muuguzi wa kliniki alivyomfundisha.

Maziwa yanatoka kidogo kidogo. Ndani, msimamizi anapaza sauti.

"Mosi! Karoti zinakusubiri!"

"Na wa nyumbani naye ananisubiri, baba!"

Wenzake wanacheka. Yeye hacheki.

Mosi, mwenye miaka ishirini na sita, ni kibarua wa kuchambua mboga. Karoti, kabichi na stroberi zinashuka kutoka milimani, yeye na wenzake wanaosha, wanachagua, wanapanga kwenye kreti. Kwa siku analipwa shilingi elfu saba. Kopo moja la maziwa ya unga ya mtoto linakula zaidi ya siku nne za kazi yake. Alirudi hapa mwanawe, Mikidadi, akiwa na wiki sita, kwa sababu kibarua asiyefika nafasi yake anapewa mwingine.

Banda lina chumba cha baridi. Stroberi zinalala humo kama maharusi. Mosi aliomba kona ya kuweka kichupa chake cha maziwa. Msimamizi, Bartholomeo, akakataa.

"Akaniambia humu ni chakula cha watu," anasimulia Mosi. "Nikamuuliza, kwani mwanangu ni mtoto wa paka?"

Lakini mhasibu wa ofisini naye ana mtoto mchanga, na chupa zake zimo humohumo, zimepangwa safi. Ana mashine ya umeme ya kukamulia. Inanguruma yenyewe, yeye anachezea simu.

"Namwonea wivu, nikufiche nini," anasema Mosi. "Sitaki mshahara wake. Nataka ile mashine na ule mlango wa baridi."

Ndivyo walivyo wenye ofisi. Wanasema sheria ipo, mama anayenyonyesha apewe muda wake. Ipo, ndiyo. Ipo kwenye makabati yao. Kwa kibarua haijawahi kushuka.

Hata hivyo, wivu unaomkosesha Mosi usingizi hauko ofisini. Uko nyumbani, na jina lake ni Faraja.

Faraja ni dada wa mume wake. Wanaishi ua mmoja. Alijifungua binti mwezi mmoja kabla ya Mosi, na Mungu amempa maziwa mpaka yanalowesha gauni. Ndiye anayebaki na Mikidadi. Tangu mtoto azaliwe anamwita "mkwe wangu", maana mtoto wa kaka na mtoto wa dada, kwa mila za hapa, wanaweza kuoana.

"Wifi, mkwe wangu kanikojolea leo," humwambia Mosi jioni. "Mahari imepanda!"

Siku moja Mosi alirudi, akamkuta huyo mkwe kwenye titi la Faraja. Kichupa kilikuwa kimeisha.

"Alikuwa amelishika titi kwa kidole, hivi, kama anavyonishika mimi," anasema. "Bora wangenipiga kofi."

Akatafuta neno la kumzuia wifi yake bila kutaja wivu. Akalipata kwenye dini: watoto walionyonya titi moja ni ndugu, hawaoani. Akamwambia, unamharibu mkwe wako. Faraja hakubisha. Akajitanda ushungi, akaenda kumuuliza shehe. Akarudi anacheka: shehe kasema mpaka anyonye mara tano, kila mara ashibe.

"Nimempa mara nne, wifi," akamwambia. "Imebaki moja."

Tangu hapo Mosi anakamua kama anayezima moto. Ikipita hiyo moja, Faraja ni mama wa Mikidadi, na si kwa utani tena. Mosi hataki kugawana jina hilo na mtu.

Kila siku saa saba mumewe, dereva wa bodaboda, hupita bandani kuchukua kichupa akipeleke nyumbani. Huwa kinakaa kwenye ndoo ya maji, chini ya benchi. Leo Bartholomeo ameamuru ndoo zote zitumike kuoshea karoti. Kichupa kimeachwa juu ya bati, juani. Mosi anakifungua, ananusa. Yamechacha.

Nje pikipiki inapiga honi.

"Ukitoka, elfu saba ya leo usiihesabu," anasema Bartholomeo.

"Kainywe na karoti zako," anajibu Mosi, anapanda pikipiki ya mumewe. Mimi mwandishi nawafuata kwa nyingine.

Kilio kinasikika tangu njiani. Faraja amekaa kizingitini, Mikidadi mapajani. Khanga ameifunga kifuani kwa fundo, na imelowa mpaka kiunoni. Hajaifungua.

"Amenililia mpaka yananitoka yenyewe," anasema. "Nikasema hapana, ya tano mpaka mama yake aseme."

Mosi anamnyakua. Mtoto anageuza uso kule kwenye harufu ya Faraja. Mosi anavimba mashavu kwa hasira, anamrudisha kwenye titi lake. Mtoto anatafuta, anakosa, anatafuta tena, anashika. Kidole kinatua pale pake. Kilio kinakatika.

Mimi, mke wangu alikufa akaniachia mtoto wa siku tisa. Gari la wagonjwa lilikosa mafuta; magari ya kwenda semina yalikuwa nayo. Mwanangu nilimlea kwa maziwa ya mbuzi na kijiko. Nilimtazama huyu anavyovuta, nikamwonea wivu, mtoto wa watu, bila haya.

Mosi ameshapanga. Kuanzia kesho Faraja atamleta Mikidadi bandani saa nne na saa saba.

"Nitamnyonyesha mbele ya chumba cha baridi," anasema. "Bartholomeo aone chakula cha watu kinavyoliwa."

"Na akikufukuza?" namuuliza.

"Anifukuze titi likiwa mdomoni mwa mtoto. Watu waone."

Faraja anakamua khanga yake uani, maji meupe yanadondoka.

"Nitamleta, wifi. Lakini usisahau, imebaki moja."

"Ibaki hivyohivyo," anasema Mosi, na leo nzima ndiyo kwanza anacheka.