Boneti ya Mjomba

Dereva wa basi la timu alikuwa na uongo mmoja tu, na aliusema kwa spana. Asubuhi ya safari, Mwiba, winga wao hatari, asipoonekana, dereva alifungua boneti, akajipaka grisi mikononi na kutangaza, "Injini inasumbua. Nivumilieni kidogo." Isumbue nini, gari alilolipenda kuliko shati lake! Lakini Mwiba alikuwa mtoto wa dada yake, na dada alimkabidhi akisema, "Kaka, huyu ndiye tegemeo letu. Mwangalie." Basi akamwangalia, kwa njia yake.

Mwiba alifika na miwani myeusi, pombe ikimnuka. "Mjomba, wewe ni mtu na nusu," alinong'ona akipanda. Boneti ikafungwa, safari ikaanza. Akifunga bao, nani angemuuliza alilala wapi? Siku alizoburuta miguu, beki aliyekuwa nyuma yake alikimbia kwa niaba ya wawili, hadi akachoka, akaacha kumpa pasi.

Kisha siku moja walichelewa kupita kiasi, na wapinzani wakapewa ushindi wa mezani. Uongozi ukatafuta mchawi, ukampata: dereva asiyejua kutunza gari. Alipoitwa ofisini alimkuta Mwiba mle, ameitwa kueleza kilichotokea. Dereva alimtazama, akingoja neno moja tu.

"Kwa kweli," Mwiba akasema akikuna shingo, "hilo basi limetutesa sana."

Lo! Mtoto wa dada huyo. Dereva angeweza kumwaga mtama hapo hapo, lakini alimkumbuka dada. Akameza uchungu wake, akaweka funguo mezani.

Dereva mpya hakuwa mjomba wa mtu. Saa ilipofika, aliwasha na kuondoka. Mwiba aliachwa, akaonywa, akaachwa tena, mkataba ukavunjwa. Timu nyingine zilikuwa zimeshapata habari zake.

Mwiba akawa analala kwenye kochi la mama yake mchana kutwa. Dada akamwita kaka yake. "Nilikupa mtoto umwangalie. Umemwangaliaje?"

Mwiba akajibu bila kufumbua macho, "Mama, tangu Mjomba atoke, hakuna anayenisubiri."

"Kukusubiri?" Dada akamgeukia kaka yake. "Kwani basi halikuwa bovu?"

Dereva alitazama mikono yake, ambayo sasa haikuwa na grisi.

"Halikuharibika hata siku moja, dada," akasema. "Nililitunza vizuri sana."