Waya wa Fundi Twalibu

"Bi Zamda, hivi mumeo anahesabu nini pale barazani, tasbihi au dhambi zetu?"

Kuluthumu, jirani yangu hapa Chemchem, aliniuliza hivyo huku akicheka. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu tu.

Twalibu alikuwa anahesabu waya. Tangu ujana wake kazi yake ni kutengeneza redio, na mjini wengi wanamjua kwa jina la Fundi tu. Mwaka huo wa sabini na tisa mwanetu wa pekee, Lukumani, alikuwa vitani, na barua zake zilikuwa zimekatika miezi mitatu. Tulichobaki nacho ni taarifa ya habari. Betri hazionekani madukani, kwa hiyo redio yetu iliendeshwa na kisanduku alichokiunda mwenyewe, cha kupunguza umeme wa ukutani.

Fyuzi yake ikaungua. Fyuzi nazo hakuna. Twalibu akaviringisha ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaipachika, jambo ambalo wateja wake alikuwa akiwagombeza kwalo kila siku, kwa kuwa karatasi haikatiki umeme unapozidi. Siku ya pili kisanduku kikanuka, redio ikanyamaza. Akakifungua, akapima kipande kimoja kimoja kwa taa ndogo. Vyote vizima, isipokuwa transfoma, kile kiini cha waya kinachopunguza umeme.

Akaufumua waya wake ulioungua akihesabu: mizunguko elfu mbili na mia mbili, na waya mpya ulipaswa kutimiza hiyo hiyo. Akatoa waya mwingine, mwembamba kama unywele, kwenye feni mbovu, akaanza kuuzungusha upya pale barazani penye mwanga. Sasa baraza ni njia ya watu.

"Asalaam aleikum, Fundi!" Akaitikia. "Shikamoo, Fundi!" "Marahaba." Akaja mzee Masolwa na mwangaluka yake, salamu ya Kinyamwezi, ndefu, ya kuulizia watu wa nyumbani mpaka ng'ombe ambao hatuna.

Alipoondoka, Twalibu akaniuliza, "Nilikuwa nimefika ngapi?"

"Mimi nilikuwa jikoni, baba Lukumani. Si uhamie ndani?"

"Ndani sioni. Na wala usiniambie ninyamaze. Nikimnyima Mwislamu mwenzangu jibu la salamu, dua yangu kwa mtoto nitaiombaje?"

Akaanza tena. Akapotea tena. Mara ya tatu akakisia.

Jioni akaunganisha. Msomaji wa habari alitamka maneno manne hivi, nami nikaanza kusema Alhamdulillahi, ndipo transfoma iliponguruma na kutoa moshi. Waya wote ukawa mweusi, na wa feni ulikuwa umekwisha. Twalibu akaiweka mikono yake mapajani, mikono iliyofufua redio za nusu ya mji, akaitazama kama ya mtu mwingine.

Nikamwambia kwamba Kuluthumu ameletewa betri za redio yake kutoka Nzega, twende tukasikilize kwake. Akatikisa kichwa.

"Nenda wewe, Zamda," akasema. "Ukisikia kikosi cha mtoto kimepatwa na jambo, usiniambie mbele ya watu."