Aliyenishikia Sinia

Nilimwambia muuza nyama amfikirie mtu mmoja tu, ambaye angepewa ruhusa angempiga mpaka achoke.

Ndivyo ninavyofanya kazi. Ukimwambia mtu "tabasamu", anakutolea meno kama yuko kwa daktari. Ukimwambia amfikirie mbaya wake, uso unakuja wenyewe.

Na uso ulikuja. Macho yakakaza, mshipa ukasimama shingoni. Nikasema moyoni, ukurasa wa mbele ndio huu. Nikabonyeza.

Hapo hapo akapita ubavuni mwangu na panga la kukatia mifupa.

Hakuwa na shida na mimi. Alikuwa anamfuata kaka yangu, aliyesimama nyuma yangu ameshika sinia.

Ngoja kwanza niwaeleze, msije mkasema nimeanza hadithi kwa mkia.

Mimi ni mpigapicha wa kujitegemea. Jarida likinipigia simu, naenda. Leo keki ya harusi, kesho daktari wa meno, keshokutwa mbwa aliyeshinda shindano la urembo, na huyo mbwa aliniuma. Sichagui. Mchagua jembe si mkulima.

Sinia ni lile duara la kung'aa linalorudisha mwanga usoni kwa mtu. Lina jina lake dukani, sisi tuliliita sinia tu.

Mshikaji wake alikuwa kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama. Kiwanda chao kilipofungwa akawa anashinda amelala, nikamwambia, "Kaka, njoo unishikie mwanga." Akaja. Mwanaume mzima, mabega kama kabati, anamfuata mdogo wake mtaa kwa mtaa na sinia kwapani. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Nikajisifu kwamba nimemwokoa.

Sasa turudi buchani.

Panga la kwanza lilipasua sinia. La pili likazama begani kwa kaka. Mlio wa panga ulikuwa ule ule niliousikia muda mfupi kabla, muuza nyama akikata mbavu za ng'ombe. Mpaka leo nikipita bucha naziba masikio.

"Vua!" Bucha alipiga kelele. Mtaa mzima ulimwita hivyo, kama duka lake. "Vua, mshenzi wewe! Vua!"

Kaka alianguka juu ya ndoo ya utumbo. Bucha akamkalia kifuani, akainua panga kwa mara ya tatu.

Sikufikiri. Nilishika stendi ya kamera kwa mikono miwili nikamshushia mkononi. Mfupa ukalia. Panga likadondoka. Nikampiga mgongoni, nikampiga tena, nikawa sisikii tena mtu anasema nini, mpaka wateja wakanishika mimi badala yake.

"Dada, basi! Utaua!"

"Niacheni! Kaka yangu huyo!"

Bucha alikuwa sakafuni, mkono umepinda mahali pasipo na kiwiko. Wala hakuutazama. Kwa mkono uliobaki alikuwa amekamata koti la kaka, analia mpaka kamasi zinamtoka.

"Koti la mdogo wangu hili," alisema. "Nimelishona mwenyewe."

Kituoni, afande alilitandaza lile koti mezani. La ngozi, kahawia, kuukuu. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimechanika kikashonwa kwa uzi mnene wa rangi mbili, nyeupe na nyekundu, ule wa kufungia minofu buchani. Hakuna fundi cherehani mwenye akili zake atakayekushonea nguo kwa uzi ule.

"Siku ya fainali ya kombe," afande aliniambia, "mdogo wake huyu bwana alitoka nyumbani amevaa koti hili. Tulimkuta mtaroni. Alipondwa kichwa kwa tofali, mama yake akamtambua kwa viatu. Koti halikuonekana mpaka leo."

Kaka naye, kitandani hospitalini, alikuwa na maelezo yake. "Nimelikuta asubuhi kwenye begi lako la nguo. Baridi ilikuwa kali, nikavaa. Mimi nitajuaje ni la nani?"

Nilimwamini. Begi hilo lipo kweli. Nabeba humo mashati na makoti, kwa sababu kuna watu wanakuja kupigwa picha ya jarida wamevaa kama wanakwenda kuzibua choo. Na kila kazi mtu anasahau chake humo. Nimeshawahi kukuta meno ya bandia.

Kwa hiyo muuaji alikuwa mmoja wa watu niliowapiga picha. Ndivyo nilivyowaza, na nilikuwa tayari kuapa.

Afande hakuapa. "Daktari amemruhusu akaugulie kwako. Sawa. Lakini siku nyuzi za kidonda zikitolewa, namweka ndani kwa mauaji. Kama kuna mwingine aliyelivaa hili koti, nitafutie."

Mama akapiga simu, sauti imekauka. "Mwanangu, kaka yako hata kuku hawezi kuchinja. Usiniachie mtoto akafungwa."

"Mama, tulia. Picha zote ninazo mimi."

Nikajifungia chumbani na kompyuta. Nikaanza na kazi za karibuni nikirudi nyuma, uso kwa uso, nguo kwa nguo. Bibi harusi. Daktari wa meno. Yule mbwa. Mkufunzi wa kunyanyua vyuma alikuwa amevaa koti la ngozi, moyo ukanipasuka, nikalikuza. Viwiko vizima.

Nikafika saluni.

Kazi ile niliikumbuka vizuri. Ilikuwa kesho yake baada ya fainali, wasusi wanapiga miayo kwa sababu kelele za mashabiki ziliwanyima usingizi. Saluni ile ni vioo mwanzo mwisho, na kioo ni adui wa mpigapicha, kinatoa siri usizoziomba. Kwenye jarida nilikata upande mzima wa kulia, maana mshika sinia alikuwa ametokea kwenye kioo cha mwisho.

Nikafungua picha nzima. Nikaikuza.

Kaka ameinua sinia juu ya kichwa. Kiwiko cha kushoto kimegeukia kioo. Uzi mweupe na mwekundu.

Na vidole vya mkono wake wa kulia vina bendeji. Siku ile aliniambia amebanwa na mlango, nikamcheka.

Nilikuwa nimemtafutia kaka yangu njia ya kutokea, nikamkuta yeye mlangoni.

"Umempata?"

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mkono mmoja umefungwa shingoni kwa kitambaa. Sikujua ameingia lini. Alijiangalia kwenye kioo cha kompyuta kwa muda, kama anamtazama mtu aliyewahi kukutana naye mahali.

"Futa," alisema.

"Kaka, niambie siyo wewe."

"Futa, mdogo wangu."

"Sema tu siyo wewe. Mimi nitakuamini."

Mkono wake mzima ukanikamata kisogo. Paji la uso likagonga meza mara ya kwanza, nikaona nyota. Mara ya pili jino likavunjika, nikalimeza. Nilirusha ngumi nyuma bila kuangalia, ikatua kwenye kidonda. Nyuzi zikaachia, damu yake ya moto ikanimwagikia shingoni. Akanguruma, lakini hakuniachia. Akanibana koo mpaka chumba kikaanza kuwa cheusi pembeni.

Kisha akaniachia. Sijui kwa nini. Labda nilitoa sauti niliyokuwa naitoa utotoni.

Kompyuta akaipiga ukutani. Kadi za kamera akazimwaga sakafuni akazisaga kwa kisigino, moja moja, halafu na diski ya akiba. Alipomaliza akakaa chini kati ya vipande, damu inamchuruzika mpaka vidoleni.

"Alinicheka," alisema. "Tulikuwa tunaangalia mpira, watu wamejaa. Akasema, 'Mpisheni mbeba sinia wa dada yake akae.' Watu wote wakacheka. Nikamsubiri nje."

"Kwa neno moja tu, kaka?"

"Wewe unaona ni neno moja. Mimi nilikuwa nalisikia kila siku nikiwa nyuma yako. Hukuwahi kugeuka."

"Na koti lake?"

"Langu lilijaa damu. Ningerudije nyumbani? Na yule muuza nyama, sikujua kama ni kaka yake."

Akafuta uso kwa shati.

"Kuna nakala nyingine mahali?"

"Hakuna."

"Basi yamekwisha. Sisi ni damu moja. Mama asijue."

Nilimfunga kidonda kwa shuka. Nikamwambia naenda kununua dawa ya maumivu. Niliogopa, sitaki kujifanya shujaa. Nilitembea huku nikigeuka nyuma kila hatua, na miguu ikalipita duka la dawa, ikanipeleka saluni.

Maana kulikuwa na jambo nililolikumbuka nikiwa nasukumwa uso mezani.

Jarida lilipotoka, mama mwenye saluni alinijia juu. "Wewe dada, viti vyangu sita umeniachia vinne! Nataka picha nzima, na kubwa, watu waone!" Nikamchapia kubwa kama mlango. Ikatundikwa ukutani juu ya viti vyote.

Wanawake wa mtaa mzima walisukwa chini ya picha ile. Mke wa Bucha alisukwa pale akiwa bado anamlilia shemeji yake. Hakuna aliyeona kitu. Watu walitazama nywele.

Na msumari aliupigilia kaka mwenyewe. Akashuka kwenye ngazi, akarudi nyuma, akasema imekaa sawa. Hata yeye hakujitafuta humo. Alishazoea kutokuwamo kwenye picha.

"Mungu wangu, uso huo umefanyaje?" mwenye saluni aliniuliza.

"Nisaidie kuishusha hii picha, mama."

"Unaipeleka wapi?"

"Kituoni."

Kaka hakupigana. Alitolewa chumbani kwangu na pingu, akanitazama mara moja, akasema, "Umegeuka leo." Mama hajanisemesha tangu siku hiyo. Nikipiga simu anapokea, ananyamaza, nasikia anapumua tu.

Bucha naye alipotoka mahabusu aliniita. Nilienda nikasimamia mlangoni, maana mkono niliomvunja ulikuwa bado kwenye plasta.

"Njoo umalize kazi yako," alisema.

Nilikuwa na sinia jipya, sina mshikaji. Akalichukua kwa mkono wake mzima, akalitundika kwenye ndoano ya nyama, akalikaza kwa uzi ule ule mweupe na mwekundu kwa kusaidiwa na meno yake.

"Haya. Leo nimfikirie nani?"

"Usimfikirie mtu."

Nikabonyeza. Halafu nikageuka kuangalia nyuma yangu, ingawa nilijua hakuna mtu.

Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako. Sina ubishi nao. Lakini na wewe unayesoma, kama kuna mtu anakushikia mwanga ili wengine waonekane, mgeukie leo umtazame usoni. Muulize anaumia wapi. Mimi niliuliza nikiwa nimeshapigwa, na mtoto wa watu alikuwa ameshazikwa.